Je, Ni Kweli Penye Nia Pana Njia?



Jumatatu ya Pasaka vijana wa mtaa wetu walifanya michezo yao katika kiwanja cha shule ya msingi, kama ilivyo desturi. Palikuwa na kuvuta kamba, mbio za magunia, mpira wa miguu kwa wavulana na netiboli kwa wasichana. Wavulana walijaa kiwanjani hata wengine wakaambiwa wangoje zamu. Lakini timu ya pili ya netiboli haikutimia. Si kwamba wasichana hawakuwapo. Walikuwapo, tena wengi, wa miaka 13 hadi 17, wameketi chini ya mwembe wamejifunga khanga viunoni, wakitazama. Walipoitwa walicheka, wakasukumana, na kila mmoja akasema, "Mimi siwezi." Wavulana wawili watatu nao walikuwa palepale chini ya mwembe, mmoja mnene sana, mwingine mwenye mguu mbovu, nao hawakuitwa na mtu.

Kabla ya zawadi kutolewa, mzee mmoja wa kanisa, rafiki yangu ambaye tumekula chumvi pamoja miaka mingi, alisimama akawahutubia. Alisema vijana wa siku hizi wamekuwa laini kama uji. Akawasimulia habari za John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa Tanzania, ambaye katika mbio ndefu za Olimpiki kule Mexico mwaka 1968 alianguka akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea kuchechemea mpaka akaingia uwanjani usiku, wa 57 na wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. "Penye nia pana njia," rafiki yangu alimaliza, "lakini ninyi nia hamna." Tulipiga makofi. Mimi nami nilipiga makofi, maana nimefundisha miaka 38, na methali hiyo nimeiandika ubaoni mara zisizohesabika.

Jioni mjukuu wangu, aliye kidato cha pili na anayekaa nasi hapa nyumbani, aliniletea maji ya kunawa. Yeye alikuwa mmoja wa wale wa chini ya mwembe. Nikamwuliza, "Je, hata wewe nia huna?"

"Nia ninayo, Babu."

"Mbona basi hukucheza?"

Alinyamaza kidogo, akamimina maji. "Kucheza naweza, Babu. Kurudi ndiko siwezi."

Nikamwambia anieleze. Akasema kwamba pale njia panda pana kijiwe cha vijana wa bodaboda, na msichana akipita pale ametoka kiwanjani, ana jasho na sketi ya michezo, huambiwa maneno ambayo yeye hawezi kuyarudia mbele yangu. Alijaribu mara mbili mwezi wa pili. Mara ya tatu mwalimu wa michezo alipomwita, alisema siwezi, na mwalimu akafuta jina lake. "Lakini Pasaka sisi wazee tulikuwapo," nikamwambia, "nani angethubutu kusema neno?" Akajibu, "Ukicheza Jumatatu ya Pasaka, Babu, Jumanne wanakukumbuka."

Tangu jioni ile nimekuwa nikiliwaza neno hili "siwezi". Bibi yangu mimi alikuwa mzaliwa wa Pangani. Alipoamka na kusema, "Leo siwezi," hakuna aliyemwuliza hawezi nini. Tulijua ni mgonjwa. Kwa wazee wa pwani "hawezi" maana yake ni mgonjwa, na asiyeweza hutazamwa, hupewa maji, huulizwa panapouma. Sisi walimu tulilichukua neno lilelile tukaligeuza kuwa kosa.

Hapa inanipasa kuungama jambo. Nilianza kazi mwaka 1983, kijana niliyetoka chuo cha ualimu, na zamu ya mchakamchaka ikawa yangu. Wa umri wangu wanakumbuka: alfajiri, umande miguuni, nyimbo za kuitikiana, mistari miwili kuizunguka shule hadi barabarani na kurudi. Palikuwa na msichana mmoja wa darasa la sita aliyekuwa nyuma kila siku. Si mgonjwa, si mdogo kuliko wenzake. Asubuhi moja nilimkaripia, naye akasema, "Siwezi, Mwalimu." Nikamjibu mbele ya shule nzima, "Hapa hakuna siwezi," nikamchapa viboko viwili na kumwamuru azunguke kiwanja peke yake huku wenzake wakitazama. Alizunguka. Usiku ule nililala nikijiona mwalimu hodari, maana nilikuwa nimemthibitishia kwamba anaweza.

Baada ya miaka zaidi ya 20 nilikutana naye sokoni. Sasa ni mama wa watoto wanne, anauza vitambaa. Akaniamkia, akanipa kiti, akaagiza soda, tukakumbushana ya zamani. Mwenyewe ndiye aliyeitaja siku ile, tena kwa uchangamfu. Sketi yake aliirithi kwa dada yake. Kifungo kilikuwa kimekatika na zipu imekufa. Kila asubuhi alikimbia akiwa ameishika kiunoni kwa mkono wa kushoto. "Mwalimu, ukikimbia na mkono mmoja umeshika sketi, utampita nani?" Akacheka. Nami nilicheka kwa kuwa yeye alicheka.

Pini moja, ndugu zangu. Nyumbani nilikuwa nazo kopo zima. Na linaloniuma zaidi ni kwamba mkono ule ulikuwa mbele ya macho yangu kila siku, nami nilikuwa nikitazama miguu tu.

Basi swali langu ni hili: tunapomwambia kijana "jiamini, unaweza", tunamtaka nini hasa, nasi tuna haki gani ya kumtaka hivyo?

Binti yangu, ambaye naye ni mwalimu, alinieleza habari za mtaalamu mmoja wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi, jina lake Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Marekani na kufariki mwaka 2021. Mwaka 1977 alitoa maandishi ambayo yamefuatwa na walimu na matabibu wengi. Alieleza kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake si kitu kimoja alichozaliwa nacho, kama urefu au rangi ya macho. Inaambatana na tendo fulani na kizuizi fulani. Mtu aweza kujiamini shambani na asijiamini darasani. Kwa hiyo wataalamu wanaochunguza vijana na mazoezi ya mwili hawawaulizi tu, "Je, unajiamini?" Huwauliza: unaweza kufanya mazoezi hata kama una kazi nyingi za shule? Hata kama umechoka? Hata kama rafiki zako hawaendi? Kijana mmoja atasema ndiyo kwa mvua na hapana kwa upweke. Mwingine kinyume chake. Laiti ningaliyajua hayo mwaka 1983, labda ningaliuliza, "Huwezi kwa sababu gani?"

Alieleza pia imani hiyo inatoka wapi. Chimbuko lenye nguvu kuliko yote ni kule kutenda kwenyewe: mtu amejaribu, amepata, kesho anajaribu tena. Lingine ni kumwona mtu aliye kama yeye akitenda. Hapo nikatambua kwamba tunawasimulia wasichana wetu habari za Akhwari na Filbert Bayi, lakini ni mara chache tunawaambia kwamba mwaka 1965 Theresia Dismas alituletea medali ya fedha ya kurusha mkuki kutoka michezo ya Afrika kule Brazzaville. Kuambiwa maneno ya kutia moyo nako kunasaidia, lakini ni chimbuko dhaifu kuliko kutenda, na huvunjika upesi kijana akijaribu akaumbuka. Haya ndiyo maneno tuliyo nayo sisi wazee kwa magunia.

Kisha kuna jinsi mtu anavyousoma mwili wake. Asiyezoea kukimbia, moyo ukimdunda na pumzi ikimkatika, hudhani ni dalili kwamba mwili wake haufai, kumbe ni mwili unaofanya kazi yake. Hapo neno la bibi yangu linarudi: kijana anahema, anajiona hawezi, yaani mgonjwa, anakwenda kukaa chini ya mwembe. Hakuna aliyemwambia kwamba hata mshindi anahema.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku za kuutumikisha mwili kwa nguvu kiasi au zaidi. Uchunguzi wake uliotolewa mwaka 2019, uliokusanya habari za wanafunzi kutoka nchi 146, ulionyesha kwamba mwaka 2016 vijana 81 katika kila 100 wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia kipimo hicho. Wasichana 85, wavulana 78. Mara ya kwanza niliposikia hesabu hizo nilitikisa kichwa. Nilisema hao ni watoto wa Ulaya wenye motokaa. Wetu hapa chini ya milima ya Usambara wanabeba maji na kuni.

Lakini nikajiuliza. Mjukuu wangu huteka maji bondeni bomba linapokauka, ndoo ya lita 20 kichwani, akapanda nayo kilima bila kuishika. Sijamsikia hata siku moja akiiambia ndoo siwezi. Nguvu anazo kuliko mimi. Na pale kijiweni anapopita na ndoo hakuna amwambiaye neno, maana amebeba maji ya watu. Akipita mikono mitupu, ana jasho kwa ajili ya furaha yake mwenyewe, ndipo maneno yanapotoka. Kijana huyu hakukosa nguvu wala nia. Amekosa ruhusa ya kuonekana akiutumia mwili wake kwa jambo lisilomtumikia mtu mwingine, na ruhusa hiyo haimo ndani yake hata aitafute humo kwa bidii. Imo mikononi mwetu.

Kwa hiyo nadhani neno "unaweza" ni namna ya deni. Ninapomwambia mtoto unaweza, ninamwahidi kwamba akitoka chini ya mwembe hatajuta. Kama najua, au ningalijua kama ningalitazama, kwamba atachekwa na kutukanwa, nami sijafanya lolote, nimekopa imani yake bila kuwa na cha kulipa. Akirudi ameumbuka, hatasema babu alinidanganya. Atasema mimi ndiye nisiyeweza. Huo ndio ubaya wa methali yetu ikitumiwa vibaya: njia ikikosekana, lawama yote huiangukia nia.

Rafiki yangu, yule mzee wa kanisa, nilimweleza haya tukinywa kahawa barazani kwangu. Hakukubali. "Sisi tulikwenda shule kwa miguu maili tano, pekupeku, tukavuka mto. Nani alituondolea vizuizi? Ukiwaondolea hawa kila jiwe watakuwa watu gani?" Ni hoja nzito, nami sikuwa na jibu la upesi. Ni kweli mto ule tuliuvuka. Lakini baadaye nilimkumbuka dada yangu, tuliyeanza naye shule pamoja. Aliacha darasa la nne, kwa sababu ya mto uleule. Hakuna aliyepata kumwita dada yangu kuhutubia vijana. Wanaohutubia ni sisi tuliovuka, na kila tuliyemwona ng'ambo ya pili alikuwa amevuka.

Hata hivyo sehemu ya maneno yake naikubali. Kuna magumu ambayo ni ya mchezo wenyewe: jua, uchovu, kufungwa mabao, goti kuchubuka, kuamka mapema. Ukiyaondoa hayo hakuna mchezo, na kijana asiyepata kushindwa hana sababu ya kujiamini. Akhwari hakupunguziwa hata kilomita moja. Lakini rafiki yangu alisahau sehemu moja ya hadithi yake. Alipoingia uwanjani, watu waliobaki walimpigia makofi. Sijui kama angeliumaliza mzunguko ule wa mwisho kwa moyo uleule kama wangalimzomea. Kuzomewa si sehemu ya mchezo. Ni sisi tunaokuongeza.

Wala sisemi kwamba ukitoa pini mambo yamekwisha. Karibu na kustaafu kwangu shule yetu ilishonewa sketi nzuri za michezo kwa michango ya wazazi, na nusu ya wasichana waliendelea kukaa kando. Aliyewainua ni mwalimu kijana, mwanamke, aliyekuja kwa mafunzo ya kazi. Kwanza alifuta ile desturi ya manahodha wawili kuchagua wachezaji mmoja mmoja mbele ya wote. Kila aliyesoma anajua adhabu ya kubaki wa mwisho. Kisha akaweka netiboli pembeni, akaleta rede. Mpira wa soksi, wawili wa kurusha, mmoja katikati anakwepa huku akijaza chupa mchanga. Ni mchezo ambao kila msichana ameucheza uani kwao tangu ana miaka sita. Hapakuwa na wa kusema hajui. Walicheza wakipiga kelele mpaka nikatoka ofisini kuona kuna nini. Baada ya muhula mmoja baadhi yao walihamia netiboli wenyewe, bila hotuba. Wengine walibaki na rede yao, na mwalimu yule aliwaacha. Mimi ningaliwasukuma. Sasa naona alikuwa na hekima, maana nao walikuwa wakihema na kutoka jasho kila siku, na hilo ndilo lililotakiwa.

Kuhusu kijiwe, nilikwenda. Nilichukua fimbo yangu ya kutembelea, nikashuka mpaka njia panda. Wawili wao niliwafundisha. Walisimama wote, "Shikamoo, Mwalimu," wakanipa kigoda. Nilipowaeleza walitazama chini. "Tunatania tu, Mwalimu," mmoja akasema, "hatuna nia mbaya." Nilikuwa nimeandaa maneno makali, lakini hayakutoka. Nilikuwa nimewakumbuka wavulana wa mwaka 1983 walivyocheka yule msichana alipokuwa akizunguka kiwanja ameshika sketi. Sikuwakataza. Nilitaka wacheke, kicheko chao kilikuwa sehemu ya adhabu niliyoipanga. Watu huanza mahali fulani kujifunza kwamba msichana akikimbia ni kichekesho, na mahali pamoja walipojifunza ni shuleni kwangu. Basi niliongea nao kwa upole, nikawaambia kwamba nami nimewahi kukosa kosa hilo. Kwa wiki mbili walinyamaza. Baadaye, nasikia, maneno yalianza tena, ila kwa sauti ya chini.

Nilimwambia mjukuu wangu kwamba nitakuwa namsindikiza. Akakataa katakata. "Babu, ukinisindikiza watacheka zaidi." Nikashauri waende wasichana watano au sita pamoja. Hilo alilifikiria, lakini wenzake wanakaa upande mwingine wa kijiji. Mwisho alipata dawa yake mwenyewe bila kunishirikisha. Amerudishwa katika orodha ya netiboli, na akitoka kiwanjani huizunguka njia panda, hupita nyuma ya zahanati na kutokea kwenye migomba yetu. Inamwongezea robo saa nzima.

Mke wangu anasema hiyo ni akili. Rafiki yangu anasema ni woga, kwamba amewaachia vijana wale barabara ambayo ni haki yake. Nimeyapima maneno yao wote wawili, na kila jioni naona uzito umehama. Barabara ni haki yake, hilo ni kweli, na si yeye aliyepaswa kuidai peke yake akiwa na miaka 14. Nimemwomba Padre jambo la kijiwe liingizwe katika mkutano ujao wa halmashauri ya mtaa, maana baadhi ya vijana wale ni watoto wetu waliopata Kipaimara hapahapa, na baba zao huketi nami kanisani.

Jumamosi iliyopita alirudi magharibi, viatu mkononi, vumbi hadi magotini, amepita kwenye migomba. Alikunywa maji vikombe viwili amesimama. Nikamwuliza walishinda au walishindwa. "Tumefungwa, Babu," akasema huku bado anahema, "lakini Jumatano tunarudiana nao."